Hatuondoi Toleo Wakati wa Kifuku

Neema ameniomba niandike. Alisema, "Mama Eliya, andika kabla hujasahau," nami nikamjibu kwamba niliyoyasahau hadi sasa hayakuwa na maana, kwa hiyo aniache kidogo nisahau na mengine. Hakucheka. Neema ndiye mtunzaji mkuu wa Zizi siku hizi, na mtunzaji mkuu hana muda wa kucheka. Basi naandika nikiwa kibarazani kwangu Miyuji, hapa Dodoma, kwa ajili ya vijana mlioko ofisini na mtakaokuja. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Aliyepandishwa anajua, na aliyerukwa anajua zaidi.

Kwa asiyetufahamu, Zizi ni programu ya kompyuta ya kutunza kumbukumbu za mifugo. Bwana mifugo anaingiza ng'ombe yupi kachanjwa lini na ni wa nani, na mfugaji akitaka kuuza, Zizi inachapa kibali. Ng'ombe asiye na kibali haingii mnadani. Ni programu huria, maana yake msimbo wake uko wazi, na yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma, kuurekebisha na kutuletea marekebisho yake. Watu wa nchi za mbali wanaitumia kwa mbuzi, kwa kondoo, na kuna mmoja anaitumia kwa wanyama ambao mpaka leo sijui kuwataja. Bure, lakini ni ile bure ya mbuzi wa kupewa: kumchunga juu yako.

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuja na cheti, suti moja, na imani kwamba kompyuta zote duniani zinafanana. Nilikuwa nimetoka Iringa, na vumbi la Dodoma lilinipokea kabla ya mtu yeyote. Mkuu wa kitengo alikuwa Bi. Mwajuma, mtu wa Tanga, mfupi, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Alinipeleka kwa karani ambaye kompyuta yake haikuwaka. Nikatoa bisibisi, nikaanza kufungua.

"Umeshauliza?" akasema Bi. Mwajuma.

"Kuuliza nini, mama?"

"Hii kompyuta inafanya kazi gani hapa."

Nikamuuliza karani, huku nikiona haya. Karani akasema kazi yake ni moja tu, kuchapa vibali siku moja kabla ya mnada, na mnada ulikuwa kesho. Bi. Mwajuma akaitoa diski ya kompyuta ile, akaipachika kwenye kompyuta ya jirani, na vibali vikachapwa kabla ya chai ya saa nne. Ile iliyokufa tuliitengeneza baadaye, kwa nafasi. "Ungetengeneza kompyuta nzuri sana," aliniambia tukiwa tunarudi, "na mnada ungekuwa umeshapita." Ndiyo yote aliyonifundisha siku ile, na kwa kweli mengine yote yalikuwa nyongeza.

Nyongeza ya kwanza ilikuwa brashi. Vijana mnapenda kuanza na programu. Ukiletewa sipiyu, lile kasha la kompyuta, kutoka kijijini, anza na brashi ya rangi, ile pana, mpya, isiyowahi kuguswa na rangi. Nusu ya hitilafu nilizotengeneza katika maisha yangu zilikuwa vumbi jekundu. Nusu iliyobaki zilikuwa za kwetu wenyewe.

Nyongeza ya pili Bi. Mwajuma alijifunza kwa miguu yake. Kabla sijaajiriwa aliwahi kutoa toleo jipya la Zizi katikati ya mvua, kwa sababu lilikuwa tayari. Kwao Tanga kitu kikiwa tayari kinatoka. Toleo lilikuwa na kasoro, kompyuta za vituoni zikagoma, naye akaondoka na gari la ofisi kwenda kuzitengeneza. Alifika kwenye korongo, ambalo kiangazi unalivuka ukiongea na simu, akakuta mto. Akakaa ng'ambo ya huku, viatu mkononi, akikitazama kijiji chenye kompyuta iliyokufa upande wa pili, na watu wa kijiji nao wakimtazama. Waliishia kupungiana mikono. Aliporudi alibandika karatasi ukutani: HATUTOI WALA HATUONDOI KITU WAKATI WA KIFUKU. Tangu hapo, jambo lolote linaloweza kukwamisha kazi ya mtu tunalifanya kiangazi, makorongo yakiwa makavu, ili likiharibika mtu aweze kufika. Wachangiaji wetu wa nje wana kalenda zao, na wengi walitaka kujua kifuku ni nini. Tuliwaeleza kwamba ni majira ya mvua. Wengine walidhani ni jina la seva.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapo ndipo penye kisa. Zizi imeandikwa kwa lugha ya kompyuta ambayo jina silitaji. Waliomo wanaijua, na wasiokuwamo haitawasaidia. Lugha hizi zina wenyewe, na kila baada ya muda wenyewe hutoa toleo jipya. Kwa miaka fulani wanayatunza yote mawili, la zamani na jipya. Kisha siku moja wanatangaza kwamba la zamani wameliacha. Halifi siku hiyo, linaendelea kufanya kazi, ila tundu la usalama likionekana hakuna wa kuliziba. Nasi tulioandika programu juu yake tunabaki na swali: tuendelee kulibeba, au nasi tuliache?

Tulilibeba. Zizi ilikuwa inaongea matoleo yote mawili, na kila jambo tuliliandika mara mbili, mara moja kwa la zamani na mara moja kwa jipya. Ukirekebisha huku ukasahau kule, balaa. Kuna wakati tulirekebisha hesabu ya tarehe upande mmoja tu, na upande wa pili ndama wakaonekana wamechanjwa kabla ya kuzaliwa. Bwana mifugo mmoja alitupongeza kwa maandishi kwa kuwahi.

Neema alikuja wakati huo, binti wa Bukoba, ametoka chuo hapa hapa Dodoma. Alikuwa anajua lugha ile kuliko sisi sote na hakuwa na haja ya kuificha habari hiyo. Tukamkabidhi toleo la zamani, kama ofisi zinavyomkabidhi mgeni kiti chenye mguu mbovu. Haikupita muda akaja mezani kwangu.

"Mama, tuliache. Kila nikiandika mstari mmoja naandika miwili."

"Nani analitumia?"

"Nikikuonesha kwamba hakuna?"

Nikamwambia anioneshe. Akatengeneza kitu kizuri: kila Zizi iliyopata intaneti ilituma salamu fupi kwenye seva yetu, kusema mimi naongea lugha ya toleo fulani. Tukazihesabu salamu. Za toleo la zamani zilipungua, zikapungua, zikakatika. Kwa kuwa tulikuwa watu waangalifu, tukaongeza na onyo. Kompyuta yenye lugha ya zamani ikiwaka, yanatokea maandishi ya njano: toleo hili litaachwa kiangazi kijacho, tafadhali wasiliana na watunzaji. Tukaliacha onyo hilo kifuku kizima. Hakuna aliyewasiliana. Nikaridhika, Neema akaridhika, tukatangaza. Hata mnada tulishauambia: baada ya kiangazi hicho, muundo wa kibali utakuwa mpya, ule wa zamani usipokewe. Na muundo mpya ulikuwa ndani ya Zizi mpya tu, ile isiyoongea na lugha ya zamani.

Asubuhi moja kiangazi kimekolea, mlinzi akapiga simu kutoka getini. "Kuna mzee hapa ana mgonjwa. Nimemwambia hospitali siyo hii, hasikii."

Mzee akaingia. Alikuwa wa rika langu, lakini jua la kwetu huku haliangalii rika. Kabeba kitu kifuani, kimefungwa shuka la mistari na kamba ya katani, na alikipakata vile vile tangu Mpwapwa alikopandia basi. Akakiweka mezani taratibu, akafungua fundo moja moja. Sipiyu.

"Shikamoo mzee," akasema Neema.

"Marahaba mwanangu. Naitwa Ndahani, bwana mifugo, natoka mbele ya Mpwapwa huko. Daktari wa Zizi ndiye nani? Nimemleta mgonjwa. Anakula vizuri, analala vizuri, lakini kila asubuhi anaandika maneno ya njano."

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kifuku. Mwanzoni tulijua ni salamu za serikali. Tukawa tunaitikia."

"Mnaitikiaje?"

"Si kuna mahali pameandikwa Sawa? Tunabonyeza Sawa."

Sikuthubutu kumtazama Neema. Mzee Ndahani akaendelea bila haraka. "Juzi umeme ulikuwa unasuasua, nikakaa nayasoma yale maneno mpaka mwisho. Yanasema kiangazi kijacho. Nikatoka nje, nikatazama. Majani yamekauka. Nikasema, lahaula, kijacho si ndiyo hiki? Nikapanda basi."

Neema alikuwa ameshafungua hesabu zake. "Lakini mzee, kituo chako mbona hatukioni? Kompyuta ikipata intaneti huwa inatusalimu."

"Mwanangu, intaneti ya kwetu iko juu ya kilima. Mimi napanda na simu. Kompyuta sijawahi kuipandisha."

"Sasa Zizi mliipataje?"

"Kwa flashi, na kila ikitoka mpya hivyo hivyo. Mtu wa Mpwapwa alinipa mnadani. Mimi nikawapa wenzangu, mnadani hapo hapo. Mabwana mifugo tukikutana ndiyo kazi yetu, nyama choma na flashi."

Nadhani kila mtu chumbani aliona kwa pamoja. Tulikuwa tumehesabu wanaosalimu. Wasiosalimu tulisema hawapo. Ofisi nzima ya watu waliokulia kwenye salamu, na hakuna aliyekumbuka kwamba aliye mbali hasikiki akisalimu.

Nikamuuliza lile swali la Bi. Mwajuma, hii kompyuta inafanya kazi gani huko kwako. Akaniambia. Tarafa ya jirani ilikuwa na homa ya mapafu ya ng'ombe, na hakuna mfugo uliokuwa unatembea bila kuthibitishwa chanjo. Chanjo zote za eneo lake, miaka yote, zilikuwa ndani ya sipiyu ile. Akichapa kibali, mfugaji anafika mnadani, anauza kwa bei ya mnada. Asipochapa, walanguzi wanakuja na lori mpaka mlangoni na kununua watakavyo, kwa sababu wanajua huna pa kwenda. "Na huko kwetu," alisema, "mtu hauzi ng'ombe kwa sababu amewachoka. Anauza mtoto akienda shule, au mkewe akiwa hospitali. Sasa mkiacha hilo toleo lenu, mimi siku ya mnada nitawaambia nini watu? Bonyezeni Sawa?"

Nilijisikia vibaya, sitaficha. Nikamwagizia chai. Katika kunywa akaniuliza kwetu wapi, nikasema Iringa, Mhehe. Akaweka kikombe chini.

"Mhehe! Alaa! Kumbe mtani wangu ndiye anataka kuniulia ng'ombe! Ahsante Mungu mbwa nimemwacha nyumbani."

"Mbwa wa Mgogo ana nyama gani," nikamjibu, "si anashinda njaa kama mwenyewe."

Akacheka mpaka akashika meza. Neema alitukodolea macho, kwao Bukoba hakuna hili. Mgogo na Mhehe ni watani tangu babu zetu walipochoka kupigana, wao wanatuita wala mbwa, na mtani anaweza kukuambia usoni neno ambalo mtu mwingine angelimeza. Mzee Ndahani akanieleza yaliyobaki. Wenzake vituoni nao waliyaona maandishi ya njano. Wengine waliyasoma yote. Wakasema wakubwa wa Dodoma wameshaamua, sisi ni nani wa kuwapigia simu. Heshima, basi. "Mimi mwenyewe ningejua zamani kwamba kuna Mhehe humu," alisema, "ningekuja kifuku, nikiogelea."

Alipotoka kwenda kutafuta chakula, mimi na Neema tukabaki na sipiyu. Nikamwambia itabidi tusogeze tarehe.

"Tusogeze mpaka lini?" akauliza. "Mama, nikikaa na hili toleo mwaka mwingine naondoka. Sikutishi. Wenyewe wameliacha, likipata tundu leo ng'ombe wa nchi nzima wako hatarini, si wa Mzee Ndahani tu. Nabeba maiti, na kila siku naambiwa niipe pole."

Alikuwa na haki, na lililokuwa gumu ni kwamba Mzee Ndahani naye alikuwa na haki. Mtu akiwa kazini muda mrefu anajua kwamba kesi za haki na batili hazichoshi. Zinazochosha ni hizi.

"Tutaliacha," nikamwambia. "Kiangazi hiki hiki, kama tulivyosema. Lakini mtu afike kwanza."

"Afike wapi?"

"Kila liliko."

Akaniangalia kama nimesema tukahesabu mchanga wa korongo. Kisha akachukua bisibisi na brashi, akaanza kuifungua ile sipiyu. Vumbi lililotoka humo lilikuwa la kufinyangia chungu.

Ile mashine isingeweza kuchukua lugha mpya, maana mfumo wake ulikuwa umezeeka, na mfumo mpya wa kununua ungeiponda kwa uzito. Neema akaiwekea mfumo huria mwepesi, juu yake lugha mpya, juu yake Zizi mpya, akahamisha chanjo zote. Hilo la kiufundi lilikuwa jepesi, nalitaja ili msije mkadhani ndiyo kazi. Kazi ilikuwa kujua nyingine ziko wapi.

Tuliifuata flashi jinsi bwana mifugo anavyofuata ugonjwa. Nani alikupa? Wewe umempa nani? Tulianzia kwa mtu wa Mpwapwa, tukaenda mnadani, tukapelekwa kituo hiki, hiki kikatutaja kile. Tulikuwa mimi, Neema na dereva, na njia zote zilikuwa kavu, Bi. Mwajuma apewe maua yake. Kila tulipofika Neema aliuliza kwanza hilo toleo liko wapi, nami nikasubiri amalize, kisha nikauliza kompyuta inafanya kazi gani. Mahali pamoja ilikuwa inatumika pia kuandikia ratiba ya kwaya. Tukahamisha na ratiba ya kwaya. Mama mmoja wa kituo alitukatalia kabisa mpaka alipoona vibali vyake vya zamani vyote vimo, kimoja kimoja, ndipo akatupikia ugali wa uwele na mlenda. Nilikuwa nimewahi kudhani kwamba waliobaki nyuma ni wachache. Tuliobaki nyuma tulikuwa sisi.

Mzee Ndahani tulimwacha wa mwisho, kwa kuwa mashine yake ndiyo tuliyokuwa tunairudisha, na vibali vya watu wake ofisi ilikuwa inamchapia. Tulifika mawingu ya kwanza yakianza kujikusanya upande wa milimani. Neema akaiunganisha, ikawaka, akachapa kibali kimoja cha muundo mpya, wafugaji waliokuwa wanasubiri wakakipitisha mkono kwa mkono. Kilichobaki kilikuwa kufuta diski ya zamani, ambayo tuliitoa tukaiweka benchi. Neema alipoinuka kuichukua, Mzee Ndahani akawa ameikalia.

"Hapa pamefiwa," akasema.

"Mzee, tafadhali," akasema Neema.

"Hapa pamefiwa, na mtani nipo. Haizikwi."

Waliowahi kwenda msibani kwetu wanajua. Watu wanalia, na mtani analala njiani, anazuia jeneza, anadai ada yake, na haondoki mpaka apewe. Wafugaji wote pale walielewa mara moja na wakaanza kucheka, na mmoja akaanza kulia kilio cha uongo kizuri mno. Nikatoa noti mfukoni. Akaisukuma.

"Hela kaweke mafuta ya gari. Ada yangu ni neno. Hii mpya mliyoleta, nayo siku moja mtaiua. Usibishe, nawajua. Siku hiyo msinitumie maneno ya njano. Mtu aje. Asimame hapa, aniambie kwa mdomo."

"Nitakuja," nikasema.

"Mhehe, ukinidanganya?"

"Mbwa wako mwenyewe aninyime mkia."

Akainuka, akajipangusa, akasema sasa zikeni. Tuliporudi Dodoma Neema aliondoa toleo la zamani kwenye Zizi. Ofisi nzima tulisimama nyuma ya kiti chake. Alifuta mistari, ukurasa kwa ukurasa, na kila alipofuta programu ilibaki nzima. Mtasikia watu wakisema wanaumia kuondoa kitu cha zamani. Mimi nilisikia raha tupu, ya mtu aliyevua viatu vilivyombana. Siku hiyo hiyo jioni mvua ikanyesha. Kwenye karatasi ya Bi. Mwajuma ukutani Neema akaongeza kwa kalamu: NA MTU AWE AMEFIKA.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kawaida, yaani mizuri. Bi. Mwajuma alikuwa ameshastaafu, yuko Tanga, na kila nilipompigia aliuliza kama mvua zimeanza, akisikia zimeanza anauliza kama tumetoa toleo. Zamu yangu nayo ikaja. Wakaniaga kwa pilau, kitenge na hotuba. Mgeni rasmi alikuwa anaeleza mchango wangu, ambao aliupata kwenye karatasi muda mfupi kabla, nilipoona mlango unafunguka. Mzee Ndahani, naye amestaafu, kanzu nyeupe ya sikukuu, mkononi kifurushi cha mlenda mkavu. Sijui nani alimwambia. Akapita katikati ya ukumbi, akafika kwenye kiti changu nilichopambiwa, nami nilikuwa nimesimama kupokea zawadi. Akakikalia.

"Hapa pamefiwa," akasema.

Mshereheshaji akamnong'oneza mzee kwamba hicho ni kiti cha mstaafu. Mgeni rasmi akasimamisha hotuba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kucheka, na katika kucheka nikajikuta nalia, machozi ya kweli, yale ambayo hotuba nzima haikuyapata.

"Huyu Mhehe ana neno langu," Mzee Ndahani akauambia ukumbi. "Akiondoka, neno langu analibeba nani? Haondoki mtu hapa."

Neema akainuka kwenye meza ya nyuma.

"Mimi, mzee."

"Wewe Mhehe?"

"Mhaya."

"Basi si mtani wangu. Utaweza kuja kuniambia habari mbaya usoni?"

"Nitajifunza," akasema Neema.

Mzee akainuka, akanipa mlenda wangu, akauliza pilau linagawiwa wapi.

Hiyo ndiyo kazi yangu, vijana, nimeiandika kama nilivyoombwa. Limebaki moja. Kiangazi hiki wenye lugha wametangaza tena. Lile toleo jipya tulilozungukia vijiji kuliweka sasa ni la zamani, wanaliacha. Niliposikia nilitaka kuuliza ofisini mmepangaje, nikajizuia. Mstaafu anayepiga simu ofisini ni ugonjwa, na hauna chanjo.

Wiki iliyopita Neema akanipigia mwenyewe. Upepo ulikuwa mwingi kwenye simu.

"Mama, niko kilimani kwa Mzee Ndahani, ndipo penye mtandao mzuri. Nimefika. Nimepita kwake nyumbani kwanza, nimemwambia kwa mdomo, kwamba tunaliacha."

"Akasemaje?"

"Ameuliza kama nimefika kwa wote."

"Na umefika?"

"Nilijua nimefika. Sasa hivi naelekea kituoni nifunge kazi. Yule dada aliyechukua nafasi ya mzee amenitajia kompyuta nyingine, iko chumba cha nyuma, haimo popote kwenye hesabu zetu. Na huku mawingu yameanza. Mama, nifanyeje?"

"Neema," nikamwambia, "mimi nimestaafu."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu awe mtunzaji mkuu. Simu hakuikata, nadhani alisahau, akaitia mfukoni hivyo hivyo akaanza kushuka. Nikabaki nayo sikioni, nasikia hatua zake kwenye kokoto, sauti ikikatika na kurudi, hodi, karibu, kitasa cha mlango. Kisha nikamsikia, kwa mbali lakini vizuri:

"Samahani dada, kabla sijaigusa. Hii kompyuta inafanya kazi gani hapa?"

Nikakata simu, nikaenda kuanua nguo.